Kusikia, Kukumbuka na Kuwa na Mawazo: Dhana za Saikolojia ya Mwaka wa Kwanza katika Kiswahili

Kozi ya utangulizi wa saikolojia, popote isomeshwapo, hupita takriban njia ile ile. Huanzia Leipzig mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake. Hupitia milango ya fahamu, ujifunzaji, kumbukumbu, akili na hisia. Na huishia kwenye maradhi ya nafsi na tiba yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania huisoma kozi hiyo kwa Kiingereza na kuitahiniwa kwa Kiingereza. Baadaye hupangiwa kazi: pengine katika chuo kinachoandaa walimu wa shule za msingi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, pengine katika kituo cha afya, ambako wagonjwa hueleza shida zao kwa Kiswahili. Hapo dhana zote hudaiwa upya. Mhadhara huu unazirejea chache kati ya hizo na kudai kwamba yanayomtatiza mhitimu huyo zaidi ni maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, nayo yana kazi nyingine majumbani na mitaani.

Neno la kwanza ni kusikia. Vitabu vya saikolojia hutenganisha hatua mbili: kiungo kupokea kichocheo, kama vile mawimbi ya sauti yanapotikisa kiwambo cha sikio, na ubongo kukifasiri kichocheo hicho. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kitenzi kimoja kinachovuka hatua zote mbili na kuendelea mbele. Husikia sauti, husikia pia harufu, baridi, njaa na maumivu. Tena mtoto "asiyesikia" aghalabu ana masikio mazima, ila ni mtundu, na "mtoto msikivu" ni yule mtiifu. Kwa mwanaisimu huu ni utajiri wa polisemia. Darasani jambo hilo lina gharama. Mtoto ambaye sikio lake moja halifanyi kazi vizuri anaweza kukaa miaka miwili akihesabiwa mkaidi, na lugha yenyewe ikampa mwalimu ruhusa ya kukosea, maana sentensi "mtoto huyu hasikii" ni ya kweli kwa maana zote mbili. Istilahi hisi kwa milango ya fahamu na hisia kwa furaha, hofu na hasira hazisaidii sana. Zimetenganishwa na irabu moja tu, na mwanafunzi aliyechoka haioni.

Katika sura ya ujifunzaji, Ivan Pavlov na mbwa wake huwa wa kwanza. Pavlov alikuwa mtaalamu wa fiziolojia, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilihusu umeng'enyaji wa chakula. Alichokibaini kuhusu ujifunzaji ni kwamba mlio usio na maana yoyote kwa mbwa, ukitangulia chakula mara nyingi, hatimaye humfanya atokwe na mate hata chakula kisipokuja. Kiswahili hutafsiri jozi ya dhana hapa kwa kichocheo na mwitikio. La kwanza mwanafunzi amekwisha kulikuta katika kemia likiwa na maana nyingine. La pili limetoka katika kuitika, na kuitika ni tendo la adabu: mtu huitwa, naye huitika "naam" au "bee" kwa hiari yake. Mate ya mbwa hayana adabu wala hiari. Neno linaweza kubaki, lakini mwalimu hana budi kulivua adabu hiyo kabla ya kulitumia.

Uimarishaji hasi wa B. F. Skinner huwashinda wanafunzi wa lugha zote, na hapa Kiswahili kilikuwa na bahati ambayo kinaelekea kuipoteza. Neno hasi liliwafikia wanafunzi wengi kupitia hisabati, kama alama ya kutoa. Hiyo ndiyo maana hasa inayotakiwa: jambo linaondolewa, na kwa sababu hiyo tabia inaongezeka. Magazeti yamekwisha kulifanya neno hilo kuwa kisawe cha "baya", kwa "mtazamo hasi" na "athari hasi", hata mwanafunzi anapokutana na uimarishaji hasi huandika kuwa ni kumchapa mtoto. Mfano wa darasani huonyesha kinachopotea. Mwanafunzi asiyependa hesabu hupiga kelele kila kipindi cha hesabu, na mwalimu humtoa nje. Mwalimu huita hiyo adhabu. Lakini adhabu, kwa maana ya Skinner, ni ile inayopunguza tabia, na kelele za mtoto huyu zinazidi wiki hadi wiki. Kilichoondolewa ni hesabu; kilichoimarishwa ni kelele.

Kumbukumbu ndiyo sura yenye mengi zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Hermann Ebbinghaus alichapisha kazi yake mwaka 1885. Mtafitiwa alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe, na nyenzo zake zilikuwa takriban silabi 2,300 alizoziunda ziwe hazina maana, kila moja ikiwa na konsonanti, irabu na konsonanti tena. Mbinu hiyo haihamishiki kwa urahisi. Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na silabi za namna hiyo hazikosi kazi: na, ya, wa, la, ni, ku, ma, zote ni maneno au viambishi. Anayetaka kuandaa upuuzi safi kwa wasemaji wa Kiswahili hana budi aunde maneno ya silabi mbili au zaidi, kisha ayapime kwa wasemaji wa lahaja mbalimbali, asije akagundua baadaye kwamba "upuuzi" wake ni jina la samaki huko Pemba.

Aidha, neno kumbukumbu lina watu wa ofisini nyuma yake. Kuna kumbukumbu za mkutano, na kuna nyaraka zinazotunzwa kama kumbukumbu. Vyote vinahifadhiwa na kutolewa vilivyo. Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba kukumbuka kwa binadamu ni kujenga upya, na kwamba msimuliaji hulainisha yale asiyoyazoea. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa kuhusu mwendo wa magari "yalipogongana", hamsini wengine kwa kitenzi kikali zaidi cha Kiingereza, na hamsini hawakuulizwa kuhusu mwendo. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo hivyo. Waliosema waliviona walikuwa 16 katika kundi la kitenzi kikali, 7 katika kundi la kitenzi cha kawaida, na 6 katika lile la tatu.

Nani amelirudia jaribio hili kwa vitenzi vya Kiswahili vilivyopimwa uzito? Kugongana ni neno la kawaida. Kugusana ni jepesi. Kuvaana hupendwa na waandishi wa vichwa vya habari. Hata hivyo hakuna anayeweza kupanga vitenzi hivyo kwa ukali kwa kutazama kamusi tu. Zaidi ya hayo, kiambishi -an- hugawa tendo kwa pande zote mbili. "Lori liligonga basi" tayari limemtaja mwenye kosa. "Lori na basi yaligongana" halijamtaja. Polisi anayemhoji shahidi kandokando ya barabara huchagua kati ya miundo hiyo miwili bila kufikiri, na chaguo lake huenda likaingia katika ushahidi wa mtu mwingine.

Kuhusu akili pasemwe machache. Alfred Binet na Théodore Simon walitunga jaribio lao mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wa shule waliohitaji msaada maalumu. Methali ya "akili ni nywele, kila mtu ana zake" inakataa mapema kipimo kimoja kwa wote, na ni vigumu kusema kwamba karne moja ya mijadala imeiacha nyuma sana.

Limebaki neno mawazo. Katika sura ya utambuzi, mawazo ni yale anayoyafikiri mtu. Mtaani, "ana mawazo" maana yake ana dhiki. Kwa ugonjwa wenyewe, Tanzania imezoea sonona, na mahali pengine huandikwa unyogovu. Sonona ina ubora wa kuwa na ndugu aliye hai, kusononeka, ambalo kila mtu hulielewa. Dosari yake ni kwamba husononeka aliyefikwa na jambo, ilhali ugonjwa huu, unaotakiwa uwe umedumu angalau wiki mbili ndipo utambuliwe, unaweza kumwingia mtu asiyefiwa wala kudhulumiwa, ukamnyima usingizi na hamu ya alivyovipenda. Hojaji za afya ya akili hupimwa kwa tafsiri rejeshi: Kiingereza huwekwa katika Kiswahili, kisha mtu mwingine hukirudisha. Swali "je, una mawazo mengi?" linaweza kurudi likiwa safi kabisa, kwamba mtu ameulizwa kama anafikiri sana, na mama aliyeulizwa akawa amekwisha kujibu kuhusu karo ya mwanawe.