Mkono ni Mtaji wa Kwanza

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Vitabu vya chama huonyesha mali nyingi: mizani, magunia, ghala, mashine na fedha zilizoko benki. Iko mali moja isiyoandikwa katika kitabu chochote, nayo ni mikono ya wanachama. Hakuna kilo ya pamba, ya kahawa wala ya korosho iliyofika mizanini bila kupita mikononi. Mashine ikiharibika hununuliwa kipuri. Mkono hauna kipuri dukani.

Mkono waweza kupotea kwa njia tatu: kwenye mashine, katika saa ya kwanza baada ya ajali, na katika majuma ya kupona. Chama kina wajibu katika kila moja ya njia hizo.

KABLA YA AJALI

Mahali pa hatari hapajifichi. Ni mkanda na puli za mashine ya kusaga, visu vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na panga lenye mpini uliolegea. Mkanda wa mashine ukiteleza, mwendeshaji hushawishika kuurudisha huku mashine ikizunguka, kwa kuwa foleni ni ndefu na kuwasha injini upya kuna taabu. Mkanda huvuta kidole kwenye puli kabla mtu hajawahi kukiondoa. Kinga ya bati au ya wavu ingezuia jambo hilo. Lakini aghalabu kinga hiyo hufunguliwa siku ya matengenezo, ikaegemezwa ukutani, na ikakaa hapo msimu mzima.

Kanuni ni chache. Mashine isimamishwe kabisa kabla ya kuguswa. Kilichokwama kiondolewe kwa kijiti, mashine ikiwa imezimwa. Pete, bangili, mikono mipana ya nguo na khanga inayoning'inia visikaribie mashine. Hata glavu, ambazo hufaa kwa kubeba mabati na miiba, ni hatari karibu na chombo kinachozunguka, maana chombo kikiishika glavu huushika na mkono.

Katika ubanguaji wa korosho hatari ni ya namna nyingine. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi ya vidole. Hapo glavu zinatakiwa, na mbanguaji asiye na glavu zisizopenya mafuta anauza ngozi yake pamoja na korosho.

SAA YA KWANZA

Ajali ikitokea, jambo la kwanza ni kuzima mashine. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, likandamizwe kwa nguvu bila kuachia, na mkono uinuliwe juu. Pete zivuliwe mapema kabla vidole havijavimba. Majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa na kinyesi cha ng'ombe visitiwe katika jeraha kamwe. Vitu hivyo huleta uchafu, na uchafu huweza kuleta pepopunda.

Kidole kikikatika kabisa, kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe katika maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, kwa sababu barafu huiua nyama. Mwaka 1963, huko Shanghai, China, daktari Chen Zhongwei na wenzake waliurudisha mkono wa mfanyakazi uliokatwa na mashine. Mwaka 1965, nchini Japani, madaktari Komatsu na Tamai walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, kwa kuunganisha mishipa yake midogo ya damu wakitumia darubini. Kazi hiyo haifanyiki katika kila hospitali, wala haifai kwa kila jeraha. Lakini anayeamua ni daktari, na hawezi kuamua juu ya kidole kilichoachwa chini ya mashine. Hata kisiporudishwa, huenda ngozi yake ikatumika kufunika kidonda.

HOSPITALINI

Jeraha la mashine ya shamba huwa chafu. Kwa hiyo daktari huanza kwa kuliosha sana na kuondoa nyama iliyokufa, na mara nyingine huliacha wazi siku chache kabla ya kulifunga. Mfupa uliovunjika hushikwa kwa pini au waya. Kano na mishipa ya fahamu iliyokatika hushonwa. Pasipo na ngozi hupandikizwa ngozi ya mahali pengine. Jeraha dogo nalo lisidharauliwe. Kisu chaweza kuacha alama fupi kiganjani huku kano imekatika ndani. Mtu asiyeweza kukunja kidole, au aliyepoteza hisi ya ncha yake, apelekwe hospitali siku ile ile.

MAJUMA YA KUPONA

Hapa ndipo mikono mingine iliyoshonwa vizuri hupotea. Zamani kidole kilichoshonwa kano kilifungwa bila kusogezwa, nacho kikakakamaa. Katika miaka ya 1960 daktari Harold Kleinert wa Louisville, Marekani, alionyesha faida ya kuanza kukisogeza mapema, kidole kikivutwa kwa mpira mwembamba. Tangu hapo mazoezi yaliyopimwa yamekuwa sehemu ya matibabu. Mgonjwa asiyasogeze mazoezi mbele wala asiyazidishe kwa kujipendea: akizembea kano hushikamana na nyama, akinyanyua debe la maji mapema hukatika tena. Kano iliyoshonwa huhitaji yapata miezi mitatu kabla ya kazi nzito.

Mshipa wa fahamu hukua kiasi cha milimita 1 kwa siku. Ukikatika kwenye kifundo cha mkono, ncha za vidole zaweza kukaa miezi sita au zaidi bila hisi. Katika muda huo mgonjwa huweza kuungua kwa sufuria asijue. Jamaa zake wakumbushwe.

WAJIBU WA CHAMA

Mtu mwenye njaa nyumbani hawezi kungoja miezi mitatu. Atashika jembe kabla ya wakati, na kazi yote ya daktari itaharibika. Mwendeshaji wa mashine aliyeajiriwa na chama analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015; lakini ni lazima chama kiwe kimesajiliwa, kimelipa michango, na kimetoa taarifa ya ajali bila kuchelewa. Mwanachama aliyeumia katika shamba lake mwenyewe hamo katika fidia hiyo. Basi yafaa mkutano mkuu uamue mapema kama jirani zake watamlimia, na kama chama kitampa kazi nyepesi ya kuandika stakabadhi mizanini hadi apone.

Kabla ya msimu kufunguliwa, kila Katibu asimame mbele ya mashine ya chama chake na kutazama mambo manne: kinga imefungwa mahali pake? Sanduku la huduma ya kwanza lina vitambaa safi? Gari la kumpeleka majeruhi linajulikana? Jina la mwendeshaji limo katika orodha ya Mfuko? Penye jibu la hapana, mashine isiwashwe mpaka jibu libadilike. Foleni itangoja, na wenye debe zao za mahindi watanung'unika. Lakini jioni kila mmoja atarudi nyumbani na vidole vyake kumi.