Kiwanda Kilipofungwa, Kura Ilikwenda Wapi?

(Hotuba kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Eldoret)



Nimeombwa niseme juu ya kazi na kura. Mtu atasema hayo ni mambo mawili mbali mbali. Ndiyo, lakini hapa kwetu wanasiasa waliyafunga kamba moja, na mpaka leo hatujaifungua.

Tuanze na kazi. Sisi wa zamani tunakumbuka asubuhi barabara ikijaa watu wa zamu. Rivatex ilifuma pamba, Raymond ilifuma sufu, KCC ilipokea maziwa ya mkulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota. Shati la mitumba likawa bei rahisi kuliko kitambaa chetu ambacho hakijaguswa na fundi! Ongeza madeni, mitambo iliyozeeka na usimamizi mbaya. Rivatex ikafungwa, Raymond ikafunga, KCC ikaanguka mpaka serikali ikairudisha mwaka 2003.

Watu wa KANU walisema hayo yote yaliletwa na vyama vingi na wafadhili. Upinzani ukasema ni wizi tu. Kila upande ulikuwa na kipande cha ukweli. Ni kweli wafadhili walisimamisha misaada Novemba 1991 na kushinikiza mageuzi. Ni kweli pia mali ya mashirika ya umma iliporwa. Lakini maneno hayo yalipofika mtaani yaligeuka: "Kazi hakuna kwa sababu wale wamejaa hapa." Wale ni nani? Ni Mkikuyu mwenye duka, Mluhya wa kibarua, Mkisii, Mjaluo. Jamani, waliofutwa kazi kiwandani walikuwa wa kabila zote, na robota la mitumba halina kabila.

Na hapo ndipo kura inapoingia. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, rais akatakiwa kupata asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Basi kura ya mtu wa jamii ndogo katika Bonde la Ufa ikawa na bei kubwa, maana ndiyo ingeweza kumpa mpinzani asilimia hiyo. Watu wakaanza kuitwa madoadoa. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 huko Tinderet yalifika Burnt Forest mwisho wa 1992, wakati uchaguzi wa Desemba 29 uko mlangoni.

Sitaki kuhesabu nyumba zilizochomwa. Nataka mfikirie karatasi moja. Jirani yangu mmoja hapa Langas alikimbia shamba akaja mjini, akapata kazi kiwandani. Mwaka 1997 alikuwa bado ana kadi ya kura ya kule alikotoka. Sheria ilisema upige kura kituo ulichoandikishwa, na kituo chenyewe kilikuwa kando ya kiwanja chake kilichoungua. Hakwenda. Baadaye na kazi ikaisha. Alikuwa akiniambia, "Mimi sikufukuzwa kwenye orodha, jina langu liko. Ni miguu tu imekataa." Hakuna aliyemhesabu kama mtu aliyenyimwa kura.

Na msifikirie nasemea upande mmoja. Uchungu wa ardhi wa Mkalenjin ulianza na mzungu, si hadithi. Tena Januari 2008, baada ya watu kuchomwa kanisani Kiambaa, Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin walishambuliwa Naivasha na Nakuru. Kila kabila ni doadoa mahali fulani. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133.

Leo mambo yamebadilika kiasi. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua Rivatex mwaka 2007, ikafunguliwa upya 2019 kwa mitambo mipya. Eldoret ilitangazwa jiji Agosti 2024 (barabara zingine bado hazijapata habari). Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa raia haki ya kuishi popote Kenya. Cha 38 kinampa haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya siri. Lakini vijana hawana kazi, uchaguzi ni Agosti 2027, na nimeanza kusikia tena kwenye matatu ule wimbo wa "wale".

Kwa hiyo nawaomba kazi ndogo. Kila jumuiya iulize nyumba kwa nyumba: nani amehama na bado ameandikishwa mahali anapoogopa kwenda? Msiulize chama chake. Anayetaka kuhamisha kituo tutamsindikiza mpaka ofisi ya tume, na wa kumsindikiza awe wa kabila lingine. Jumamosi tunaanza na Langas. Njooni na vitambulisho, na mwenye gari aseme mapema.