Fedha Ilikuwepo



Habari ya Kawe, Dar es Salaam, mmeshaisikia. Alhamisi ya tarehe 28 Agosti 2025, akizindua kampeni za uchaguzi za CCM, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba akichaguliwa, ndani ya siku 100 za kwanza atapiga marufuku hospitali kuzuia miili ya marehemu kwa sababu ya deni la matibabu. Redio hii haimpigii mtu kampeni. Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Oktoba mwaka huo, na kura ni dhamiri ya kila mmoja. Kinachotukosesha usingizi sisi wa Msamala, hapa Songea, ni kingine: imekuwaje ahadi ya namna hii ikahitajika katika nchi ambayo kila Jumapili makanisa yanajaa hadi watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki?

Mji huu wa Songea hauhitaji kufundishwa uchungu wa kunyimwa mwili wa mtu wako. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa wazee wetu waliopigana vita vya Majimaji, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alikuwa mmoja wao. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Zaidi ya miaka 100 imepita na ukoo bado unadai. Watu waliobeba uchungu wa namna hiyo hawawezi kuisikia habari ya maiti kushikiliwa mochwari wakaendelea na chakula chao kama kawaida.

Na sisi Wakristo tuna sababu yetu ya ziada. Bwana wetu mwenyewe, alipokufa, mwili wake ulikuwa mikononi mwa serikali. Ikabidi Yusufu wa Arimathaya ajipe moyo aende kwa Pilato kuuomba. Sanda alinunua yeye na kaburi alitoa yeye. Kwa hiyo anayesaidia kumtoa maiti mochwari anafanya kazi ambayo Injili zote nne zimeiandika. Hilo tunalijua, na kusema kweli tunalifanya vizuri. Tunalifanya vizuri mno.

Nenda kwenye msiba wowote hapa kwetu, iwe Msamala, Bombambili au Lizaboni. Turubai limefungwa, sufuria kubwa ziko nyuma ya nyumba, kina mama wameshachambua mchele. Karibu na njia ya kuingilia kuna meza ndogo, na kijana mwenye kaunta buku na kalamu. Anaandika jina, anaandika kiasi, na pembeni anaweka alama kwa waliotuma kwa simu. 5,000. 10,000. Majirani wa nyuma, 20,000. Jumuiya, 70,000. Wafanyakazi wenzake na mtoto wa marehemu, laki mbili. Kabla jeneza halijatolewa ukurasa wa pili umejaa. Jumla ikisomwa, watu wanaitikia kwa kichwa: tumejitahidi. Na mara nyingi ile jumla ni kubwa kuliko deni la hospitali lililoanza kuwakosesha usingizi watoto wake wiki mbili nyuma.

Fedha ilikuwepo.

Ilikuwepo siku alipolazwa. Ilikuwepo pale binti yake alipopewa karatasi ya dawa za kununua nje, akasimama kwenye korido akihesabu noti za elfu mbili mbili, zikapungua. Ilikuwepo jioni ile alipompigia simu mjomba, mjomba akasema mwezi mbaya huu, mama, tumwombe Mungu. Mjomba huyohuyo siku ya msiba alitoa laki moja. Hakuwa mwongo. Fedha ilikuwepo, ila ilikuwa inasubiri mtu afe ndipo itoke.

Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa hana kamati. Harusi ina kamati, ina mwenyekiti, ina mweka hazina anayekupigia simu mara tatu. Kipaimara kina kamati. Jubilei ya padri ina kamati, na fulana zinashonwa. Mgonjwa hana kamati. Hakuna anayemchapishia kadi. Hakuna anayemfungulia kundi la WhatsApp. Anapata mstari mmoja kwenye maombi ya waamini, tuwaombee wagonjwa wetu, ee Bwana utusikie, tunakaa.

Hili tumelisema humu mara nyingi na tutalisema tena: mgonjwa hana kamati.

Wapo watakaosema wa kulaumiwa ni hospitali. Sisi hatusemi hivyo. Oksijeni inanunuliwa. Bohari ya Dawa inaziuzia hospitali dawa, haizigawi bure. Hospitali ya serikali au ya Kanisa, ina mishahara na ina umeme wa kulipia. Marufuku ya namna hiyo itautoa mwili mochwari. Deni litabaki vitabuni. Lisipolipwa na mtu yeyote, atalilipa mgonjwa anayefuata, siku atakapofika dirishani akaambiwa dawa imekwisha. Kwa hiyo anayeshangilia ile ahadi halafu akakunja mikono hajamwonea huruma mtu. Amehamisha tu mzigo kutoka mlango mmoja kwenda mwingine.

Kila mmoja wetu anakumbuka jinsi Msamaria mwema alivyomfunga majeraha yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akamtia mafuta na divai, akampandisha kwenye punda wake. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapoishia. Bwana Yesu hakuishia hapo. Katika Luka sura ya 10 alitaja fedha, tena alitaja na kiasi: dinari mbili, zilizokabidhiwa kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Msamaria aliacha dhamana. Alilipa bili ya mtu asiyemjua, na alilipa wakati mtu yule bado anapumua. Kwa Yusufu wa Arimathaya tumejifunza vya kutosha. Kwa Msamaria bado hatujaanza.

Tuzungumze basi habari ya dinari mbili. Mwaka 2025 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, uliingiza kaya ya watu hadi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Elfu thelathini, kwa mwaka mzima, watu sita. Haukutibu kila kitu. Saratani na figo zilikuwa habari nyingine, na ndiyo maana tuliisubiri kwa hamu Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023. Lakini malaria ya mtoto, nimonia, kidonda kilichooza mguuni kwa sababu hakikusafishwa mapema, hivyo ndivyo vinavyotujazia makaburi, na hivyo CHF ilivishughulikia. Sasa chukua kadi moja ya mchango wa harusi, double, 100,000. Kwa bei hiyo ni kaya tatu. Ni watu 18 kwa mwaka, na chenji ya 10,000 inabaki. Chukua harusi ya milioni 12, ambayo hapa mjini haishangazi mtu. Ni kaya 400.

Hatusemi watu wasioe. Hatusemi msitoe rambirambi. Msimu wa harusi ndio huu wa mavuno: mahindi yametoka shamba, wengine wamepeleka kwa wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, NFRA, wengine wanangoja malipo, na kila Jumamosi matarumbeta yanapita barabarani. Furahini. Ila mahindi hayohayo ndiyo yanayotuambia kwamba fedha ipo. Ikifika Januari, palizi imekolea na ghala limebaki vumbi, mtasema hakuna, na mtakuwa mnasema kweli. Leo ipo.

Na mfano wa kumtolea usiyemjua tunao hapa kwetu: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Hospitali iliyokuja kukua pale ilijengwa kwa kiasi kikubwa na sadaka za Wakristo wa kawaida wa Ulaya, wajane na wakulima ambao hawakuwahi kuiona milima ya Matogoro na hawakuwa na ndugu hata mmoja Ungoni. Walitoa kwa ajili ya bibi zetu. Hawakuuliza ukoo, hawakusomewa majina yao mbele ya watu, na wengi wao hakuna anayejua walizikwa wapi. Tumezaliwa kwenye vitanda vyao, tumechanjwa kwa sindano zao, kisha tukakua tukidhani huruma ni kitu kinachokuja kwa meli. Kanisa la hapa halina tena sababu ya kujiita maskini. Masista wa Chipole wamejenga mtambo wa umeme Tulila, kwenye mto Ruvuma, wakaanza kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, umeme mwaka 2015. Masista! Jimbo ambalo watawa wake wanaendesha mtambo wa megawati 5 haliwezi kushindwa kumlipia mama mmoja wa Msamala kitanda cha wodini.

Serikali nayo tuendelee kuidai. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeshika dini yake, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu kwenye umaskini, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Kwa hiyo, viongozi wakipita huku kwetu, waulizeni: deni linalobaki vitabuni, hospitali italipwa na nani, na lini? Mtu anayempenda jirani yake anauliza maswali hayo. Akishauliza, anaingiza mkono mfukoni.

Sasa tunasema na ninyi wenye jumuiya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji, katika miaka ya 1970, walitaka mahali ambapo mtu hawezi kuugua siku tatu bila majirani kumi kujua. Na tunajua. Tunajua nani kalazwa. Tunajua na kitanda chake. Tunachofanya ni kumpelekea uji kwenye chupa ya chai, kumwombea, na kurudi nyumbani. Uji ni mzuri, mama zangu, na sala ni nzuri. Lakini huyo binti pale korido ana karatasi mkononi. Mwombeni aioneshe! Isomeni! Gawanyeni hapohapo, wewe elfu mbili, wewe elfu tano, wewe mwenye duka pale Soko Kuu elfu ishirini, kabla hamjaondoka wodini!

Mwenyekiti wa jumuiya, wape wagonjwa kamati. Usisubiri waraka wa paroko. Mpe kazi mweka hazina yuleyule anayetuandama kwa michango ya harusi, kwa sababu anaijua kazi. Atuandame! Atupigie mara tatu! Baba mwenye nyumba, unapojaza kadi ya double wiki hii, weka na ada ya bima ya kaya moja usiyohusiana nayo. Ndugu zetu Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, nanyi ndugu wa makanisa ya kiroho, tusingojeane. Mtaa ni mmoja na wodi ni moja. Na mgonjwa akiwa Mwislamu, alipiwe hivyohivyo, maana yule Msamaria hakumlipia mtu wa dini yake.

Wewe kijana uliyepata malipo ya mahindi, toa sasa. Wewe mwalimu, toa sasa. Toeni mgonjwa akiwa hai, anayeweza kukaa kitandani akanywa maji akawaambia asanteni kwa mdomo wake. Toeni kabla ya turubai. Toeni kabla ya kaunta buku.

Na kazi ianze wiki hii. Kwenye mkutano wa jumuiya andikeni majina ya kaya tano ambazo hazina bima ya afya na haziwezi kuilipia, anzeni na zile zenye wazee na yatima. Changeni ada zao papo hapo. Kama kuna mgonjwa ambaye hata matibabu hana uwezo nayo, mtu mmoja amsindikize ndugu yake kwa mtendaji akapate barua ya kupeleka ustawi wa jamii, maana msamaha wa matibabu upo na wengi hawaupati kwa kuwa hawana wa kuwaongoza. Jumatatu ofisi ya kata inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nendeni wawili, mkiwa na majina na fedha mkononi, mdai risiti ya kila kaya.