Nilizaliwa Bila Nywele



Mimi nilizaliwa hivi: sina nywele kichwani, sina nyusi, sina kope. Si saratani, si mashilingi, wala sikutupiwa jicho. Ni jambo la kurithi. Mara nyingi baba na mama wote wana nywele zao kamili, ila kila mmoja amebeba hitilafu asiyoijua, na mtoto akazipata zote mbili. Kwa hivyo mama asilaumiwe.

Nywele zina kazi, na asiyekuwa nazo huifanya mwenyewe. Nikitoka napaka mafuta ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi, kuanzia utosini hadi masikio na shingo, na kila masaa mawili narudia. Sina nyusi za kuzuia jasho, basi leso haitoki mkononi. Sina kope za kuzuia vumbi, basi navaa miwani. Usiku naosha kichwa kwa sabuni isiyo na manukato.

Wazazi, mtoto wa namna hii akiwa pia hatoki jasho, au meno yake ni machache na yamechongoka, mpelekeni kwa daktari. Mwili wake haupoi vizuri, na joto letu la Mombasa laweza kumdhuru. Akae kivulini, amwagiwe maji.

Sasa la shule. Nikiwa darasa la 5, mwalimu alinivua kofia kwenye paredi, eti si sare. Watoto walicheka. Wiki mbili nilikataa kurudi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 28, inalinda heshima ya kila mtu; cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya afya au ulemavu. Mzazi, peleka barua ya daktari kabla shule hazijafunguliwa.

Leo wengine huniambia, "Una bahati, mtandio wakusitiri." Jamani, mimi sijifichi. Navaa kama dada zangu wanavyovaa. Kwenye harusi, tukiwa wanawake watupu, nauvua, na kichwa chote kimechorwa hina. Hina ya asili lakini, si ile nyeusi ya kuchanganywa, inaunguza ngozi. Nyusi nachora kwa wanja siku nikitaka. Nisipotaka, sichori.

Kufunika au kufunua niamue mimi, si mwalimu, si jirani. Ukikutana na mwenzangu, msalimie kwanza. Ukitaka kujua, uliza kwa adabu, asipojibu, yaishe.