Jiwe Mgeni la Lashaine

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nazungumzia mgeni wa jiwe.

Karibu na Monduli, mkoani Arusha, kuna kilima cha volkano iliyozimika, Lashaine. Magma ilipopanda, ilimega miamba ya chini na kuibeba vipande vipande hadi juu. Baadhi ya vipande hivyo vina punje nyekundu za ganeti, madini yaliyozoea mgandamizo mkubwa. Mgandamizo ukipungua ghafla huku joto la magma likiwaka, kingo za ganeti hugeuka madini mengine, zikafanya gamba jeusi mfano wa ukoko wa wali. Pengine jiwe huyeyuka kidogo, na kilichoyeyuka kikipoa upesi huwa kioo.

Kwa hiyo kiini cha punje husimulia habari za chini. Ukoko na kioo husimulia safari. Anayechanganya ushahidi huo hupotoka.

Binadamu amechimba hadi mita 12,262 tu, huko Kola nchini Urusi. Mawe haya yametoka mbali zaidi. Nawasihi wachimba kifusi kwenye vilima vya volkano: mkiona jiwe lenye sura ngeni, msiliponde kabla mtaalamu wa miamba hajalitazama.