Ni Kitu Gani Hiki?



Waisraeli walipoiona mana jangwani hawakuijua, wakaulizana. Kisha wakaokota, wakala. Mama wa Kizwite apewapo kolirabi kwa mara ya kwanza huuliza vivyo hivyo, maana ni shina la kijani lililovimba mithili ya mpira mdogo. Kumbe ni ndugu wa kabichi na sukuma wiki. Humenywa ganda lake gumu, ikakatwa vipande na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya. Majani yake machanga hupikwa kama mboga nyingine.

Tusiseme, “Hicho si chakula chetu.” Hata mahindi asili yake ni bara la Amerika, wazee wa Ufipa walisonga ugali wa ulezi.

Maghala yetu yana mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ugali peke yake haumkuzi mtoto. Ahitaji pia maharage, samaki, matunda na mboga za namna nyingi.

Mungu ameotesha. Kuonja, kupika na kumpakulia mtoto ni wajibu wetu, baba na mama pamoja. Amina.