Nani Ashike Faili Zetu?

Hotuba kwa wanachama wa Thika na Ruiru



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara. Twasema juu ya mkubwa wa utumishi, yule anayeshika faili zetu. Kupanda cheo, kuhamishwa kutoka Thika kwenda Ruiru, kusimamishwa kazi, yote hupita mezani pake. Je, mtu huyu awekwe na wanasiasa, au apande ngazi kwa kazi yake?

Sote tu watu wa Kaunti ya Kiambu. Mwaka 2013 mabaraza ya miji yalipokwisha, watumishi wake wa Thika na Ruiru waliingia chini ya serikali ya kaunti. Huko juu kuna waziri wa kaunti. Gavana humteua na bunge la kaunti humkubali; huyo ni mtu wa siasa, na Gavana akiondoka naye huondoka. Wa pili ni afisa mkuu. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hutafuta watu kwa mashindano, Gavana huchagua mmoja, bunge hukubali. Chini yao wako maafisa wa utumishi, ambao kazi ya kuwaajiri ni ya Bodi.

Hatusemi siasa ni dhambi. Gavana tulimpigia kura. Waziri wake ana haki ya kusema kaunti iajiri wauguzi zaidi kuliko makarani. Lakini hana haki ya kusema ni muuguzi gani. Hapo ndipo mpaka.

Tuseme mkubwa wa utumishi amepewa kiti kwa sababu alipiga kampeni. Aliyemweka akimletea jina la mpwa wake, atathubutu kumwambia kwamba kijana hana sifa? Mtu wa ngazi naye huogopa, lakini ana mahali pa kusimama. Kifungu cha 236 cha Katiba ya 2010 chakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kutimiza kazi yake kisheria.

Wengine walijifunza kwa damu. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi na mtu aliyetaka kazi ya serikali akanyimwa. Mwaka 1883 ikatungwa sheria ya kutoa kazi kwa mtihani. Hapa kwetu, mwaka 2023, zilitangazwa nafasi 23 za Makatibu Waandamizi, wakateuliwa watu 50. Mwezi wa Julai Mahakama Kuu ikaamua kwamba uteuzi ule ulivunja Katiba.

Lakini tuseme kweli, ndugu. Hata mtu wa ngazi aweza kukalia faili yako mwaka mzima, akijua hakuna wa kumtoa. Kazi ya kudumu si ruhusa ya kulala. Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Kila nafasi ya mkubwa wa utumishi itangazwe wazi, na sifa zake ziandikwe.
2. Anayenyimwa cheo apewe sababu kwa barua, si kwa mdomo.
3. Bodi isimame yenyewe. Wajumbe wake huteuliwa na Gavana, lakini sheria ya 2012 imewapa miaka 6 mara moja tu, bila kurudiwa. Asiyetazamia kuteuliwa tena hana haja ya kumpendeza mtu.

Na wewe mwanachama usingoje. Ukiona umeonewa na uamuzi wa kaunti, waweza kukata rufani kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Nairobi, ndani ya siku 90. Wengi wetu hupoteza haki kwa kungoja siku ya 91. Weka barua zako zote, kisha uzilete ofisini kwa chama mapema.

Faili ni maisha ya mtu. Isishikwe na mkono unaotetemeka kila baada ya miaka 5.

Umoja ni nguvu.